Masijala Iliyomo Ndani ya Laptopu

Wathibiti ubora wa shule wameshaketi ofisini kwa mkuu, chai imeshamiminwa, na kinachosubiriwa ni kitu kimoja tu: matokeo ya mtihani wa kidato cha pili ya mwaka juzi. Mwalimu wa taaluma anayo. Aliyachapa mwenyewe usiku, mpaka macho yakamuwasha. Anafungua laptopu, anaingia kwenye folda ya nyaraka, na mbele yake yamejipanga mafaili manne: "Matokeo", "Matokeo 2", "Matokeo mapya" na "Matokeo mapya kabisa". Analifungua la kwanza, silo. La mwisho linasuasua kufunguka, na likifunguka nalo silo. "Mwalimu, yapo kweli?" anauliza mmoja wa wageni, kwa upole. "Yapo, mkuu. Nipe dakika moja tu." Dakika moja inazaa kumi, chai inapoa, na jasho linamtoka mwalimu ambaye kazi yake aliifanya vizuri kabisa.

Shule hiyo haihitaji kutajwa, kwa kuwa ni shule yoyote. Katibu wa SACCOS anayetafuta muhtasari wa kikao cha Machi yumo kwenye shida hiyo hiyo, na karani wa parokia anayetafuta orodha ya ubatizo, na mwanafunzi aliyesimama steshenari, flashi mkononi na foleni nyuma yake, akijaribu kukumbuka kati ya "CV", "CV mpya" na "CV final" ni ipi yenye namba ya simu anayotumia sasa. Laptopu ikiwa mpya shida hii haipo. Huanza mwaka wa pili au wa tatu, mafaili yakishafika maelfu.

Na bado mashine hiyo hiyo inaweza kupitia majina ya mafaili laki moja na zaidi kwa muda wa kupepesa jicho. Uwezo upo. Kinachokosekana ni maelewano kati ya jinsi mtu anavyoweka na jinsi mashine inavyotafuta.

Anayetaka kuyaelewa mambo haya na aanzie mahali ambapo wengi wamewahi kusubiri nusu siku: masijala. Katika ofisi za serikali nchini Tanzania, masijala ndiyo sehemu ambamo mafaili yote hutunzwa. Kila jalada lina jina na namba, kila barua rasmi ina Kumb. Na. juu yake, na kila karatasi inayoingia kwenye jalada hupewa namba ya folio ili ijulikane ikichomolewa. Karani mzoefu hapekui rafu. Ukimtajia namba, anakwenda moja kwa moja. Usipoijua, anafungua daftari kwanza, anapitisha kidole kwenye orodha, ndipo anainuka kitini. Wepesi wake wote umo kwenye daftari.

Laptopu inayotumia Windows ina daftari la namna hiyo. Mfumo wa kupanga diski unaoitwa NTFS, ambao Microsoft iliutoa mwaka 1993 pamoja na Windows NT, huweka jedwali kuu ambamo kila faili lina kumbukumbu yake: jina, ukubwa, tarehe, na mahali vilipo vipande vyake. Vipande, kwa sababu faili moja linaweza kutawanywa sehemu nyingi za diski. Zile folda za manjano zinazoonekana kwenye skrini ni picha tu ya yaliyoandikwa kwenye jedwali. Ukihamisha filamu ya saa mbili kutoka folda moja hadi nyingine ndani ya diski ile ile, inahama papo hapo, kwa kuwa hakuna kilichobebwa. Kilichobadilika ni mstari wa daftari. Ukiinakili kwenda kwenye flashi, hapo ndipo mzigo wenyewe unabebwa, na utasubiri.

Kuna programu ndogo ya bure iitwayo Everything, ya voidtools, ambayo kazi yake kuu ni moja: inalisoma jedwali hilo na kukuonyesha majina. Watengenezaji wake wanaeleza kwamba Windows 10 ikiwa ndiyo kwanza imewekwa huwa na mafaili kama 120,000, na programu huyaorodhesha yote kwa takriban sekunde moja. Mafaili milioni moja huchukua kama dakika moja. Baada ya hapo kila herufi unayochapa inapunguza orodha mbele ya macho yako. Mtu aliyezoea kusubiri huiona kama kiini macho, kumbe mashine imefuata njia ya karani: daftari kwanza.

Lakini jina la faili si maneno yaliyomo ndani yake. Mwalimu anaweza kulisahau jina kabisa akakumbuka kwamba kwenye faili hilo alimwandika mwanafunzi fulani aliyehamia katikati ya muhula. Hapo orodha ya majina haimfai kitu. Zipo njia mbili za kutafuta maneno yaliyomo. Ya kwanza ni kufungua kila faili na kulisoma toka mwanzo hadi mwisho. Ndivyo inavyofanya grep, programu ambayo Ken Thompson aliiandika katika maabara za Bell nchini Marekani na ambayo ilijitokeza kwenye mfumo wa kompyuta wa Unix mwaka 1973. Waandishi wa programu wanaitumia hadi leo. Kwa folda moja ni kisu kikali. Kwa diski nzima ni sawa na karani anayesoma kila jalada kwenye kila rafu.

Njia ya pili ni kongwe kuliko umeme. Katika karne ya 13, mjini Paris, mtawa wa Kidominika aitwaye Hugo wa Saint-Cher aliongoza watawa wenzake kuyaorodhesha maneno ya Biblia ya Kilatini, na kando ya kila neno wakaandika linapatikana kitabu gani na sura gani. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanakijua kitabu cha aina hiyo kwa jina la itifaki. Mwishoni mwa vitabu vingi vya kiada orodha ndogo ya namna hiyo huitwa faharasa. Aliyewahi kutafuta "usanisinuru" kwenye kitabu cha biolojia anajua tofauti: bila faharasa ni kurasa 300, nayo ikiwepo ni ukurasa mmoja.

Laptopu za leo hujitengenezea faharasa zenyewe. Mtumiaji anapopumzika, mashine inapitia nyaraka zake, inaliandika kila neno na mahali lilipo, ili siku ya kuulizwa isisome faili hata moja bali iangalie orodha. Google ilitoa programu yake ya kutafuta ndani ya kompyuta Oktoba 2004, ikaiondoa mwaka 2011. Apple ilileta Spotlight Aprili 2005, na mpaka leo mwenye Mac akibonyeza kitufe cha Command pamoja na nafasi, kisanduku cha kutafutia kinamtokea katikati ya skrini. Microsoft iliijenga faharasa ndani ya Windows Vista, iliyoingia madukani mwaka 2007. Kabla ya hapo, aliyetafuta kitu kwenye Windows XP alitazamana na mbwa wa katuni pembeni mwa skrini huku mashine ikipekua faili moja baada ya jingine.

Kama faharasa ipo, kwa nini basi mwalimu hapati?

Sababu moja ni ya kawaida sana mitaani. Fundi anapoweka Windows upya, mara nyingi huigawa diski mafungu mawili, C na D, na humwambia mteja: "Bosi, kazi zako zote weka D. Windows ikizingua tunafuta C, vitu vyako vinabaki." Ni ushauri mzuri. Ila faharasa ya Windows, kwa mpangilio inaokuja nao, husoma folda za mtumiaji zilizoko C tu. D haimo. Mafaili ya huko hutafutwa kwa kupekuliwa, polepole, na maneno yaliyomo ndani yake kwa kawaida hayaguswi kabisa. Tiba yake ni dakika mbili: fungua mipangilio ya Windows, ingia sehemu ya faragha na usalama, tafuta ukurasa unaohusu utafutaji, kisha chagua faharasa ihusishe kompyuta nzima au ongeza diski D peke yake. Usiku wa kwanza mashine itahangaika kidogo, basi iache kwenye chaji. Kesho yake yale maneno yaliyokuwa hayaonekani yataonekana.

Sababu nyingine ni diski yenyewe. Laptopu nyingi zilizotumika zinazouzwa mijini kwetu bado zina diski ya sahani inayozunguka, ambayo mkono wake wa kusomea huchukua takriban milisekunde 10 kila unapohama sehemu moja hadi nyingine. Diski za SSD hazina kinachozunguka, na kwao safari hiyo ni chini ya sehemu moja ya mia ya muda huo. Mwenye laptopu ya zamani akibadilisha diski ataona tofauti kubwa kuliko kitu kingine chochote atakachokinunua.

Sababu ya tatu ni lugha, na hapa anayeandika Kiswahili ana mzigo ambao Mwingereza hana.

Windows hutafuta neno kwa kuanzia kichwani. Ukichapa "lip" kwenye kisanduku cha kutafutia, itakuletea "lipa", "lipia" na "lipwa". Haitakuletea "malipo". Haitakuletea "mlipaji", wala "alilipa", wala "hawajalipa ada". Maneno yote haya ni ndugu wa damu, shina lao ni moja, lakini kila moja limevaa kofia yake, na mashine inazitazama kofia. Kiingereza hubadilisha neno mkiani. Kiswahili hulibadilisha kichwani. Utaratibu uliotungwa kwa ajili ya lugha za mikia ukiletwa kwa lugha ya vichwa unakwama, na anayekwama hujilaumu kwamba hajui kompyuta.

Wenye Kiingereza walitafutiwa ufumbuzi mapema. Mwaka 1980 Martin Porter wa Uingereza alichapisha kanuni za kukata mikia ya maneno ili mashine ione shina, na mitambo mingi ya kutafutia ilizichukua. Kwa Kiswahili kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu neno moja la kitenzi linaweza kubeba mtenda, wakati, mtendwa na ukanushi kabla shina halijaonekana. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alieleza mwaka 1992 mfumo wa kompyuta unaoweza kulichambua neno la Kiswahili kiambishi kwa kiambishi. Kwa hiyo jambo hili linawezekana, na limewezekana kwa zaidi ya miaka 30. Bado halijafika kwenye kisanduku cha kutafutia cha laptopu ya mwalimu, na ni haki ya wasemaji wa lugha hii kudai lifike.

Watunzi wa kamusi waligongana na tatizo hili kabla ya kompyuta yoyote. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939, iliyakusanya majina yaliyotokana na kitenzi chini ya kitenzi chenyewe, hivyo anayetaka "malipo" aanzie "lipa". Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1981 iliyapa majina nafasi zake kwa herufi zinazoyaanzia, lakini vitenzi vikabaki kwenye shina. Mtoto wa shule anayekutana na "hawajalipa" kitabuni anajua, bila kufikiri, kwamba lazima avue ha-, avue -wa-, avue -ja-, ndipo afungue kamusi. Ujuzi huo huo ndio unaohitajika mbele ya laptopu, ukiongezewa alama moja.

Alama hiyo ni nyota. Kwenye dirisha la mafaili la Windows, ambalo hufunguka ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na E, chapa *lip* badala ya "malipo". Nyota ya mbele humaanisha "chochote kiwe kimetangulia", na majina ya mafaili yenye "malipo", "mlipaji" na "hawajalipa" yatakuja pamoja. Everything haihitaji nyota. Yenyewe hutafuta herufi popote zilipo ndani ya jina. Na ukishaingia ndani ya waraka wenyewe, Ctrl na F kwenye Word au kwenye ukurasa wa intaneti nayo hutafuta popote, kwa hiyo chapa shina fupi. "Lip" hushika kila kitu, ilhali "lipa" huiacha "malipo", maana irabu ya mwisho imegeuka. Anayetafuta habari za kufundisha achape "fund", atapata "mafunzo"? Hapana, kwa kuwa hapo d imekuwa z. Ataihitaji "fun", na atavumilia "funga" na "fungu" kuja nazo.

Jambo hili lina upande wake wa faida pia. Kiswahili kina kundi kubwa la maneno yasiyobadilika kichwani hata yawe mengi: barua, ripoti, risiti, bajeti, kodi, ada, hundi, ankara, picha. Barua moja ni barua, na barua mia ni barua. Hayo ndiyo maneno bora ya kuzipa nyaraka majina. Yale yanayobadilika, kama mkataba na mikataba, cheti na vyeti, kikao na vikao, hata faili lenyewe na mafaili, yanahitaji msimamo mmoja: andika umoja siku zote. Ofisi inayoandika "mkataba" leo na "mikataba" kesho inajifungulia madaftari mawili bila kujua.

Halafu kuna majina ya watu. Orodha moja ya wanachama inaweza kuwa na Mohamed, Mohammed, Muhammad na Mohamedi, na kila mmoja ameandikwa na karani tofauti. Mashine haijui kwamba ni jina moja. Rashid na Rashidi, Yohana na Johana, Januari na January: haya yote kwa binadamu ni kitu kimoja na kwa faharasa ni viwili. Njia nyepesi ni kuchapa herufi zile chache zisizogombaniwa, na njia nzuri zaidi ni kuandika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Yupo adui mwingine, aliyeingia na simu janja. Barua inapigwa picha, inageuzwa PDF, inatumwa WhatsApp, inahifadhiwa kwenye laptopu. Kwa macho ya mtu ni barua yenye maneno. Kwa mashine ni picha, kama picha ya harusi. Ndani yake hamna neno hata moja la kuorodhesha. Mtu anaweza kuwa na hati ya kiwanja, barua ya uteuzi na stakabadhi za miaka mitano, zote kwenye laptopu, na faharasa isione hata moja. Jaribio lake ni rahisi: fungua PDF hiyo, jaribu kuburuza kipanya juu ya sentensi moja. Maneno yakikolea rangi, yanasomeka. Kisipotokea kitu, au ukurasa mzima ukashikika kama kipande kimoja, hiyo ni picha.

Picha nayo inaweza kusomwa, kwa programu zinazotambua herufi. Ijulikanayo sana kati ya zile za bure ni Tesseract, iliyoanzia kwenye kampuni ya HP miaka ya 1980, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2005 na kuendelezwa na Google kuanzia 2006 hadi 2018. Kiswahili kimo katika lugha inazozisoma. Asiyetaka kuhangaika na programu anaweza kuipandisha PDF kwenye Google Drive na kuifungua kwa Google Docs, na maandishi yatatolewa chini yake. Mwandiko wa mkono na muhuri uliokaa juu ya maneno huichanganya mashine, basi yale muhimu yasomwe upya kwa jicho. Kwa nyaraka mbili tatu, hata hilo si la lazima: lipe faili jina linaloeleza kilichomo, na picha hiyo itakuwa imeingia kwenye daftari.

Hapa mtu anaweza kuuliza: kwani nisipange tu folda zangu vizuri, nikaachana na kutafuta? Swali hilo limechunguzwa. Ofer Bergman wa Chuo Kikuu cha Bar-Ilan, Israel, na Steve Whittaker wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, wamefuatilia kwa miaka mingi jinsi watu wanavyorudia mafaili yao, na mwaka 2016 walitoa kitabu kuhusu jambo hilo. Walichokikuta ni kwamba watu wengi hupendelea kupita kwenye folda, na waliendelea kupendelea hivyo hata baada ya mitambo ya kutafutia kuwa bora. Utafiti mwingine ambao Bergman alishiriki, uliochapishwa mwaka 2015, ulipima ubongo wa watu walipokuwa wakifanya kazi hizo. Waliopita kwenye folda walitumia sehemu za ubongo zinazotumika mtu anapotafuta njia mahali halisi, kama anayejua kwamba duka la sukari liko baada ya msikiti. Waliotumia kisanduku cha kutafutia waliiamsha sehemu inayoshughulikia lugha.

Matokeo hayo yana uzito wa pekee kwa Mswahili. Kutafuta kwa maneno ni kazi ya lugha, na tumeshaona kwamba lugha ya mashine na lugha ya mtumiaji hazijakubaliana vizuri. Folda hazina tatizo hilo. Mwalimu anayejua kwamba matokeo yote yako kwenye folda ya taaluma, ndani yake mwaka, ndani yake kidato, anafika kwa mibofyo mitatu bila kukumbuka neno lolote.

Lakini folda nazo zina kiasi chake. Mwaka 2011 Whittaker na wenzake wa IBM waliwafuatilia watumiaji 345 wa barua pepe, na kukusanya matukio zaidi ya 85,000 ya mtu kutafuta upya barua aliyowahi kuipata. Waliojenga misitu ya folda hawakufanikiwa zaidi ya waliotegemea kutafuta, na muda walioutumia kupanga haukuwarudia. Barua pepe huingia nyingi na kila moja huja na jina la mtumaji na tarehe, kwa hiyo kutafuta kunatosha. Faili ulilolitengeneza mwenyewe halina mtumaji. Lina mahali ulipoliweka na jina ulilolipa. Kwa mafaili, basi, folda chache, zisizozama zaidi ya tabaka tatu, na majina mazuri. Kwa barua pepe, kisanduku cha kutafutia.

Tuje kwenye jina lenyewe, maana hapo ndipo muda mwingi unapotea. Zama za MS-DOS jina la faili halikuruhusiwa kuzidi herufi 8 na 3 za mkiani, na watu walijifunza kukata. Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, iliongeza nafasi hadi herufi 255. Miaka imepita na bado tunaandika "Matokeo" kana kwamba tumepewa herufi nane. Lichukue faili la mwalimu na liandike hivi: "2023-11-17 matokeo kidato 2 muhula 2". Tarehe imetangulia, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kama kiwango cha kimataifa ISO 8601 kinavyoelekeza tangu 1988. Sababu yake ni ya kiutendaji kabisa. Kompyuta hupanga majina kwa kusoma kutoka kushoto. Ukianza na siku, kama tunavyosema kwa mdomo, tarehe 17 Novemba itakaa jirani na tarehe 17 Januari ya mwaka mwingine. Ukianza na mwaka, mafaili yanajipanga yenyewe kama yalivyotokea.

Maofisini kuna hazina ambayo wengi hawaitumii: Kumb. Na. Barua ikija na kumbukumbu namba, iandike kwenye jina la faili, na siku yoyote mtu akipiga simu akaitaja namba hiyo, unaipata huku bado anaongea. Kikwazo ni kimoja. Kumbukumbu zetu zimejaa mikwaju, na mkwaju ni kati ya alama tisa ambazo Windows inazikataa kwenye jina la faili, pamoja na nukta mbili, nyota na alama ya kuuliza. Weka kistari mahali pa mkwaju, na ofisi nzima ikubaliane hivyo. Maneno yatenganishwe kwa nafasi au kistari pia. "MalipoAda" ikiunganishwa, mashine inaweza kuona neno moja, na anayetafuta "ada" bila nyota asipewe kitu.

Yale yanayotoka kwenye simu ndiyo yanayosahaulika zaidi. Waraka uliopokelewa WhatsApp hukaa na jina kama "DOC-20240305-WA0012", na picha za kamera huanza na IMG ikifuatiwa na namba. Tarehe imo, kilichomo hakimo. Kwenye laptopu, faili likiwa limechaguliwa, kitufe cha F2 hufungua jina liandikwe upya, na kuliandika hakuzidi sekunde kumi. Kufanya hivyo siku waraka unapoingia ni rahisi. Kufanya hivyo kwa mafaili 800 ya miaka mitatu ni adhabu.

Mara nyingine faili halipatikani kwa sababu limefichwa. Flashi inayozunguka steshenari hadi steshenari hubeba virusi ambavyo huzifanya folda zisionekane na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale. Mwenye flashi huona nafasi imejaa lakini folda hazimo, akadhani kazi imefutika. Asiifomati, na asibofye zile njia za mkato. Programu ya kuua virusi ipite kwanza, kisha kwenye dirisha la mafaili achague kuonyesha vilivyofichwa, hata vile vya mfumo. Mara nyingi folda zake zitakuwepo, zimefifia rangi, na kila kitu kimo ndani.

Shuleni, wageni wameondoka. Wataletewa matokeo kwa barua pepe kesho asubuhi. Mwalimu wa taaluma amebaki peke yake na mafaili yake manne, na safari hii hana haraka. Analifungua "Matokeo 2", ambalo hakulifikia mchana, na anayaona majina ya wanafunzi wa mwaka juzi, alama zote zimekamilika. Analifunga, anabonyeza F2, anachapa mwaka. "Matokeo mapya", likifunguliwa, ni ya kidato cha nne na yana nusu ya darasa tu. "Matokeo mapya kabisa" ni nakala ya "Matokeo", herufi kwa herufi. Anaandika jina la tatu, anaangalia saa, kisha anafungua folda ya mwaka huu na kuanza na faili la juu.